Sifuri Zilizopotea

Sehemu ya tisa

Tulipoachana, kidole cha Shangazi kilikuwa hewani. Wiki nzima kimekaa hewani, maskini, na wapo wasomaji walioniuliza kama hakijafa ganzi. Basi tulieni, kinashuka.

Kilishuka polepole, kikapita juu ya daftari jekundu, kikasita, kikarudi nyuma, kikatua kwenye daftari la kijani.

"La uongo ni hili," alisema Shangazi.

Daftari la kijani lilikuwa la Gramu.

Kwa aliyefungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza, sogea upate nafasi. Gramu ni mpima uzito katika kiwanda cha sabuni. Ni mtu mkubwa wa mwili, mpole kupita kiasi, akikukanyaga anaomba radhi mpaka unajuta kuwa na mguu. Kazi yake ni kuokota kipande cha sabuni kwenye mkanda wa kwanza kila baada ya dakika chache, kukiweka kwenye mizani na kuandika uzito wake daftarini. Mkanda wa pili ni wa mwenzake, Nadhifu, mwenye daftari jekundu na koti la kazi lililopigwa pasi hadi mikononi.

Sasa wateja wanalalamika kwamba sabuni imekuwa nyembamba, unaoga nayo mara tatu inabaki harufu. Lakini madaftari yote mawili yanasema uzito uko vizuri. Wenye kiwanda wakaona lazima mpima mmoja anabuni namba akiwa amekaa. Wakaagiza aitwe mwalimu mstaafu wa hesabu ayakague, na wakasema mwongo akijulikana aende nyumbani siku hiyo hiyo, kabla ya saa sita mchana. Meneja hakulipenda wazo hilo, ila nani alimuuliza?

Mwalimu mwenyewe ndiye Shangazi. Na Shangazi ndiye aliyemlea Lebo, binti anayebandika lebo kwenye mkanda wa pili, ambaye Gramu anataka kumwoa kiasi cha kukosa usingizi. Posa imeshapelekwa. Jibu la Shangazi lilikuwa moja: "Nikimkuta mwongo, hata wa tarakimu moja, simpi mwanangu."

Mmeona sasa kidole kile kilikuwa na uzito gani?

"Shangazi," alisema Gramu, na sauti ikamtoka nyembamba, "mimi?"

"Hapa kazini niite Mwalimu."

Gramu alitafuta kiti, akakikalia, akagundua ni kiti cha Meneja, akasimama tena.

"Nilijua!" Meneja alipiga meza. "Nilijua tangu mwanzo! Andika barua, tumalize."

"Taratibu," alisema Shangazi. "Mtu hafukuzwi kwa kidole. Anafukuzwa kwa hesabu."

Alitoa penseli nyuma ya sikio, akavuta kipande cha boksi tupu la sabuni, akachora mistari kumi.

"Sabuni hii inatakiwa iwe gramu mia moja na ishirini na tano. Lakini mashine haiwezi kukata sawasawa kila mara. Kipande kimoja kitatoka mia na ishirini na nne nukta saba, kingine mia na ishirini na sita nukta mbili. Tarakimu za mbele ni za mashine. Ile ya mwisho kabisa, baada ya nukta, haina mwenyewe. Inaangukia popote. Sifuri, moja, mbili, mpaka tisa, zote zina haki sawa. Katika vipimo mia nne, kila tarakimu itatokea mara arobaini hivi. Nimesema hivi. Sikusema kamili. Tunaelewana?"

"Tunaelewana kabisa, Mwalimu," alisema Nadhifu, akitikisa kichwa kama aliyekuwa akilijua hilo tangu tumboni mwa mama yake.

"Haya, daftari la kijani. Moja, mara arobaini na saba. Mbili, thelathini na tisa. Tatu, arobaini na tano. Nne, hamsini na moja." Aliendelea hivyo hadi tisa, akitia alama kwenye boksi. Kisha akaweka penseli chini. "Sifuri."

Meneja aliliinamia boksi.

"Sifuri ngapi?" aliuliza Meneja.

"Hakuna. Vipimo mia nne, sifuri hata ya dawa. Kwa bahati ya kawaida jambo hilo haliwezi kutokea, labda sabuni zipimwe mpaka sisi sote tuwe tumezikwa. Mtu anayebuni namba huwa anaiogopa sifuri. Anaiona haina umbo la kipimo. Anaandika saba, anaandika tatu, sifuri anairuka."

"Na hapa je?" Meneja alilinyakua daftari, akafungua ukurasa wa kumi na moja. "Nukta tatu, nukta tatu, nukta tatu, nukta tatu! Mara nne mfululizo! Mtu mwenye akili zake anaandika hivi? Hata uongo umemshinda kubuni!"

Shangazi alitazama ukurasa ule, akakunja uso kidogo. "Hilo tutalirudia," alisema.

Nadhifu alimwekea Gramu mkono begani. "Pole sana, ndugu yangu. Kazi zipo nyingi. Mtu mwenye nguvu kama wewe hakosi cha kubeba."

Gramu hakumsikia. Alikuwa akimwona Lebo akipewa mtu mwingine, pengine karani wa ofisini, pengine dereva. Moyo ulimuuma waziwazi, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha, machozi mawili yalimdondoka juu ya meza ya Meneja.

"Mwalimu," alisema, "mimi sijaandika namba hata moja ambayo sikuiona kwenye mizani. Naapa."

"Kiapo hakina tarakimu ya mwisho," alijibu Shangazi. "Twende ukapime mbele yangu."

Wakaenda. Chumba cha mizani cha mkanda wa kwanza ni kidogo: meza, mizani ya umeme yenye kioo cha namba za kijani, taulo, na dirisha linalotazama mkanda unavyopita. Gramu alipangusa sahani ya mizani, akaokota kipande cha sabuni, akakiweka kwa vidole viwili kana kwamba kinalala.

Mia na ishirini na nne nukta saba. Akaandika.

Mia na ishirini na tano nukta mbili. Akaandika.

Mia na ishirini na tano nukta mbili, tena. Akaandika.

"Ameanza!" alinong'ona Meneja. "Anarudia!"

"Namba si yake, ni ya mizani," alisema Shangazi. "Kaa kimya, baba."

Kipande cha saba kilisoma mia na ishirini na sita nukta sifuri.

Gramu hakuandika. Alikitazama kioo. Akasubiri. Akakiinamia, akakipuliza kidogo. Akasubiri tena, midomo ikitembea taratibu kama anayemwombea mtu. Halafu akakiondoa kile kipande kwa heshima, akainama, akakisukuma chini ya meza, na kuchukua kingine.

"Simama hapo hapo," alisema Shangazi. "Umefanya nini?"

"Haijamaliza, Mwalimu."

"Nini haijamaliza?"

"Mizani."

"Haijamaliza nini?"

Gramu alishangaa kuulizwa jambo lililo wazi namna hiyo. "Kufikiri," alisema.

Nisingependa kumcheka Gramu, maana nampenda, lakini Meneja alicheka mpaka akashika ukuta. Shangazi hakucheka. Macho yake yalikuwa yamewaka.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Mzee aliyekuwa hapa kabla yangu. Siku yangu ya kwanza aliniweka mbele ya mizani, akaniambia: 'Mwanangu, ukiona sifuri, usiandike. Mizani bado haijawa tayari.' Akastaafu kesho yake."

"Mungu wangu," alisema Shangazi polepole. "Alimaanisha sifuri ya mizani tupu! Kabla hujaweka sabuni!"

Gramu aliitazama mizani, akamtazama Shangazi, akaitazama mizani tena. Miaka miwili na nusu ya kazi ilipita usoni mwake.

"Kumbe," alisema, "siku ile ya kwanza nilisubiri nusu saa nzima bure?"

"Na ukichoka kusubiri?"

"Nachukua kipande kingine. Kinachomaliza."

"Na hivi ambavyo havimalizi?" Shangazi alikuwa ameshashika ukingo wa meza. "Unavirudisha mkandani?"

"Hapana, Mwalimu! Nitavirudishaje wakati havina uzito wake? Si nitakuwa nimemdanganya mteja?" Aliinama, akavuta boksi kutoka chini ya meza, akalipandisha juu kwa mkono mmoja. "Ninavihifadhi. Kila nikianza daftari jipya naanza na boksi jipya. Yaliyotangulia yako stoo, nimeyaandikia jina. Nilikuwa nangoja mtu wa kumuuliza."

Ubavuni mwa boksi, kwa maandishi makubwa ya mtu mwaminifu, ilikuwa imeandikwa: BADO.

Shangazi alimimina sabuni zote mezani. Akazihesabu mara moja, akazihesabu mara ya pili akizipanga kumi kumi, na penseli ikirukaruka kwenye kipande cha boksi.

"Sikilizeni," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya darasani, ile iliyowahi kutuliza wanafunzi wa viti vya nyuma. "Kama mtu huyu aliandika vipimo mia nne na kuacha kila kipande chenye sifuri, basi kwa kila vipande kumi aliacha kimoja na kuandika tisa. Mia nne ukigawanya kwa tisa, ni arobaini na nne na kitu. Chini ya meza hii nilitarajia sabuni arobaini na nne hivi."

"Zipo ngapi?" aliuliza Gramu, akiwa hana hewa.

"Ukiondoa hiki cha sasa hivi, arobaini na saba."

Gramu aliinamisha kichwa. "Zimezidi tatu," alisema. "Nimekwisha."

"Umepona!" Shangazi alipiga meza mpaka sabuni mbili zikaanguka. "Zingekuwa arobaini na nne kamili, hapo ningeingiwa na wasiwasi. Bahati haijui kupima kwa rula. Inakaribia, inazidi, inapungua. Sifuri zako zimepatikana, mwanangu. Wewe si mwongo. Wewe ni mjinga kidogo tu, na hilo halina barua ya kufukuzwa."

Gramu alitaka kumkumbatia, akakumbuka mwili wake na umri wa Shangazi, akakumbatia boksi.

Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na robo.

Na hapo, msomaji wangu, ndipo Shangazi alipogeuka mlangoni na kusema neno lililomfanya Nadhifu ashike kola ya koti lake.

"Kamili," alisema. "Neno hilo nimeliona wapi leo?"

Alilitoa daftari jekundu kwapani. Lilikuwa daftari zuri. Mistari imenyooka, wino wa rangi moja, hakuna doa la sabuni hata moja, na kwa kweli hilo lingetosha kumtia mtu shaka katika kiwanda ambacho hata mkate wa chai unatoa povu.

"Asubuhi nilipolihesabu hili nilifurahi," alisema. "Nikasema, huyu ndiye. Sifuri, mara arobaini. Moja, arobaini. Mbili, arobaini. Tatu, arobaini."

"Ahsante, Mwalimu," alisema Nadhifu.

"Nne, arobaini. Tano, arobaini."

"Mimi napenda kazi safi."

"Sita, saba, nane, tisa. Arobaini, arobaini, arobaini, arobaini. Hakuna iliyozidi moja, hakuna iliyopungua moja." Alimtazama juu ya miwani. "Bwana, hata ukigawa pipi kwa watoto kumi haziendi hivi, lazima mmoja alie."

"Si ndivyo kanuni inavyosema?" Nadhifu alikuwa bado anatabasamu, ila tabasamu lenyewe lilibaki upande mmoja. "Kila tarakimu sehemu yake ya kumi?"

"Ndivyo inavyosema nusu ya kanuni. Nusu nyingine inahusu mapacha."

"Mapacha?" aliuliza Meneja, akajifuta shingo.

"Tarakimu ikijifuata yenyewe, mimi naiita pacha. Nukta tano, halafu nukta tano. Katika vipimo mia nne vya kweli, mapacha watakuwepo kama arobaini. Tena watatokea hata watatu pamoja, hata wanne. Ile nukta tatu mara nne ya ukurasa wa kumi na moja, uliyoipigia kelele, ndiyo ilinifanya nisite. Nikajiuliza, mwongo gani angethubutu? Mwongo anaona aibu kurudia. Akiandika tano, anakimbilia mbili. Akiandika mbili, anakimbilia nane. Tulipokuwa tukija huku niliwahesabu: Gramu ana mapacha arobaini na mmoja." Alilifunga daftari jekundu. "Hili la bwana msafi lina mapacha wangapi? Sema mwenyewe."

Nadhifu alianza kufunga vifungo vya koti lake.

"Sifuri," alisema Gramu kwa mshangao wa kweli.

"Hiyo sasa unaweza kuiandika," alisema Shangazi. "Twende mkanda wa pili. Naye akapime mbele yangu."

"Muda umekwenda," Meneja aliingilia kati. "Saa sita inakaribia, watu wanataka kula, kesi hii..."

"Wenye kiwanda wamesema kabla ya saa sita. Sijaona mahali waliposema kabla ya kula."

Chumba cha mizani cha mkanda wa pili kilikuwa kisafi kama mwenyewe. Kiti chenye mto. Chupa ya chai. Redio kubwa iliyokuwa ikitangaza mpira kwa sauti ya chini, na mtangazaji amepandwa na jazba. Kando ya redio, mizani, imefunikwa kitambaa kilichotariziwa maua.

Shangazi alivuta kitambaa. Sahani ya mizani ilikuwa bado imevaa nailoni yake ya dukani.

"Iwashe," alisema.

Nadhifu alibonyeza kitufe kimoja. Kimya. Akabonyeza kingine. Kimya. Akaipiga kofi ubavuni, kama watu wanavyofanya, na mizani haikuona sababu ya kujibu.

Gramu alikuwa ameshainama kufuata waya. Ukitaka mtu wa kutafuta kitu chini ya meza, umepata. Aliuvuta waya wa mizani hadi mwisho wake, akauinua juu watu wauone. Haukuwa na plagi. Ulikuwa umekatwa, na ncha zake zimefungwa vizuri kwa utepe, kwa usafi wa hali ya juu.

Kisha akaufuata waya wa redio mpaka ukutani.

"Plagi hii ni ya mizani," alisema. "Ina namba ya mizani ya pili."

Redioni mtangazaji alipiga kelele za goli. Hakuna aliyeshangilia.

Sasa mngedhani Gramu alifurahi. Alifurahi, kwa muda wa kumeza mate. Kazi imebaki, Lebo amepatikana, dunia imerudi mahali pake. Aliwaza jinsi atakavyomwambia, aanzie wapi, kwenye boksi au kwenye mapacha. Lakini Nadhifu hakuwa mtu wa kuondoka peke yake.

"Sawa," alisema, akivua koti na kulikunja mara nne. "Nimebuni. Lakini muulizeni Mwalimu kitu kimoja. Mimi mwanzoni nilikuwa naandika namba zozote zile. Ile habari ya sehemu ya kumi nimeipataje? Nimesoma wapi? Nilipewa. Usiku wa juzi nikakaa nikaliandika daftari zima upya. Na aliyenipa ni mtu wa meza yako, Mwalimu. Mtu wa nyumbani kwako."

Shangazi alisimama wima. Alivua miwani, na bila miwani alionekana amezeeka ghafla.

Ilikuwa kweli. Kanuni ile hakuifundisha tena tangu alipostaafu. Aliisema mara moja tu, Jumapili iliyopita, mchana, mezani kwake, barua ya wenye kiwanda ikiwa mfukoni. Aliwaambia watu wawili waliokaa mbele yake, kwa sababu alikuwa na furaha na alitaka kujionyesha kidogo.

Mmoja alikuwa Gramu. Wa pili alikuwa Lebo.

"Watu wawili," alisema Shangazi taratibu. "Yupo mmoja kati yao aliyemfundisha mwizi jinsi ya kufuta nyayo. Gramu, mwanangu. Ni wewe, au ni yeye?"

Ee, Gramu! Laiti ungejua kwamba ulikuwa na jibu zuri kabisa. Jumapili ile hakusikia neno hata moja la kanuni. Alikuwa akimtazama Lebo anavyokunja kitambaa cha meza, na kama Shangazi angetangaza kwamba nyumba inaungua, angeitikia "ndiyo, Shangazi." Mtu aliyeisikia kanuni angejaza sifuri daftarini kwake siku ya pili yake, asingeendelea kuzificha chini ya meza. Angeweza kusema hivyo, na wote wangemwamini.

Lakini kama si yeye, ni Lebo. Na Lebo akiwa ndiye, kazi itamtoka leo, kabla ya saa sita, mbele ya wanawake wote wa mkanda wa pili. Gramu alilipima jambo hilo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusubiri mizani imalize.

"Ni mimi," alisema.

Masikio yake yalikuwa mekundu. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Alikuwa akitazama redio.

"Wewe ulimwambia Nadhifu?"

"Ndiyo."

"Ulimwambia nini hasa?"

"Ile... kanuni."

"Kanuni inasemaje?"

"Inasema," alisema Gramu, "kwamba kila namba... iwe na... ndugu zake."

Hata Nadhifu alifumba macho kwa kumwonea mwenzake aibu.

"Mwongo!"

Sauti ilitoka mlangoni. Wote waligeuka. Lebo alikuwa amesimama pale, kofia ya kazi kichwani, vipande vya lebo vimemganda mikononi mpaka kwenye viwiko, na kifua kikipanda na kushuka.

"Mwongo mkubwa wewe," alimwambia Gramu, na machozi yalikuwa yakimtoka huku akicheka. "Hujui hata unachojisingizia! Shangazi, nilimwambia mimi. Nadhifu alikuja kuninyemelea Jumatatu, eti Shangazi yako anakamataje watu. Nikamwambia. Ila nilimpa nusu. Nilimpa sehemu ya kumi, mapacha nikawabakiza nyumbani. Nilijua mtu wa pasi kama huyu ataipiga kanuni pasi mpaka iungue."

Shangazi alimtazama binti aliyemlea, kisha akamtazama lile jitu lililokuwa likitokwa na jasho mbele ya redio. Akavaa miwani yake.

"Miaka thelathini na moja nimetafuta waongo," alisema. "Kwenye mitihani, kwenye mahudhurio, kwenye madaftari. Sijawahi kuona mtu anayedanganya vibaya namna hii. Huyu akikuficha kitu ndani ya nyumba, mwanangu, utakiona kwenye masikio yake kabla hajaingia mlangoni." Alipumua. "Nimekubali. Oaneni."

Gramu alikaa chini. Safari hii hakutafuta kiti. Lebo alikimbia akapiga magoti kando yake, akamshika mkono, na lebo mbili zikahamia kwenye kidole chake.

"Ngoja, Shangazi," alisema Lebo, akiwa bado amemshika. "Sijamaliza. Hujajiuliza kwa nini Nadhifu aliachiwa akae na redio muda wote huu bila mtu kumgusa?"

Alichomoa daftari dogo la bluu chini ya koti lake.

"Mimi nabandika lebo kwenye sabuni za mkanda wa pili siku nzima. Vidole vyangu vilijua ni nyembamba kabla ya mteja yeyote. Nimezipima kwa siri wiki sita, kwa mizani ya jikoni. Mia na nane. Mia na saba. Mia na tisa. Kisu cha mashine kimesogezwa, na sabuni iliyobaki inaondoka kwa gari kila Ijumaa. Humu nimeandika siku kiliposogezwa, na nimeandika ni nani alikuja kukisogeza kwa mkono wake."

Gramu aliinua macho, akahesabu watu waliokuwa wamesimama chumbani. Nadhifu alikuwepo, amekumbatia koti lake. Shangazi alikuwepo, ameshanyoosha mkono kulipokea daftari.

Meneja hakuwa tena kando ya meza.

Alikuwa mlangoni. Aliufunga mlango bila kelele, akazungusha ufunguo mara mbili, akautia mfukoni. Kisha akanyoosha mkono na kuongeza sauti ya redio, mpaka kelele za uwanjani zikajaa chumba kizima na nje pasisikike kitu.

"Hilo la bluu," alisema, kwa upole ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake, "nipeni mimi."